Moto Mdogo wa Monitere

Mambo yote yale yaligharimu miti mia tatu themanini na sita, shamba la mihogo la mjane mmoja, na nyusi za Monitere. Miti niliihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia tatu themanini na nane. Niliporudia nikaona kwamba miwili ilikuwa vigingi tu vya kushikia miche, navyo vilikuwa vimekufa zamani bila msaada wetu. Mihogo Monitere aliilipa mwenyewe kwa mahindi yake, kikombe kwa kikombe. Nyusi ziliota tena, lakini zilirudi nyeupe, na moja ikawa fupi kuliko mwenzake, hata akizungumza nawe alionekana kama anakushangaa kwa upande mmoja tu.

Huku Likasi bwana shamba wa serikali tunamwita monitere. Huyu alikuwa wa mwisho mtaani kwetu. Mshahara wake ulikuwa umeacha kuja miaka mingi kabla sijamjua, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha, naye hakuuliza. Alivaa shati la kaki, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, hata ule mwezi wa kumi ambapo mabati ya nyumba yanalia kwa joto. Kila mwisho wa mwezi aliandika ripoti, kurasa mbili, nakala tatu, akaipeleka ofisini kwa miguu. Siku moja nilikuta ukurasa wake sokoni, umefungiwa karanga. Nikanunua karanga zile ili nikamwoneshe. Akasoma mstari wa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Voilà," akasema. "Rapport inafika ku bantu."

Karanga akala yeye.

Chini ya kila ripoti kulikuwa na mstari wa "Hali kwa jumla", na mbele yake, mwezi kwa mwezi, aliandika: inatia moyo. Nilimwuliza ni hali gani hiyo, maana mimi naishi mtaa huohuo na sijakutana nayo.

"Mama Makala, kama minaandika 'mubaya', chef atasema basi, kazi inaisha. Minaandika inatia moyo juu batume miche."

"Balituma?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Bado tu."

Mama Makala ni mimi. Nauza makala, mkaa kwa wale wa mbali, magunia kumi na mawili mpaka ishirini kwa juma. Ziwa la Tshangalele lilizuiliwa ili litoe umeme. Nyaya zinapita juu ya mapaa yetu zikienda migodini, na sisi chini yake tunapepea mbabula, majiko yetu ya makala. Kwa hiyo wateja sikosi. Ninachokosa ni pori. Nilipoanza biashara, wachomaji wangu waliondoka na baiskeli asubuhi wakarudi jioni. Baadaye ikawa siku mbili. Sasa ni siku nne, na wanacholeta ni vijiti. Nimeihesabu hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili inanijibu kwamba ninachonga mguu wa kiti ninachokalia ili niuze vibanzi. Lakini nina watoto watano, na hakuna hata mmoja anayeshiba kwa jibu.

Monitere alikuja kwangu mara ya kwanza kununua nusu gunia. Akachukua kipande kimoja, akakigonga kwa ukucha, akakiweka sikioni, kisha akakivunja na kutazama ndani. Nikajikaza. Mnunuzi yeyote anayechunguza makala kwa namna ile anatafuta kasoro ya kushushia bei.

"Hii ni mulombwa," akasema. Mulombwa ni mti wa mbao nyekundu, mgumu, unaokua pole pole. "Alikuwa muzee kunipita minye."

"Muzee ao mutoto, ku mbabula moto ni moya. Basi, minakupunguzia kidogo."

"Sikuomba unipunguzie."

Akalipa bei nzima, akabeba mzigo wake, akaondoka. Nilizihesabu zile noti mara mbili nikitafuta ujanja uko wapi. Mpaka leo sijauona.

Maana huyu ndiye mtu aliyepanda miti asubuhi na jioni akapikia makala yangu, wala hakuona haya. Nilimchokoza mbele ya watu: "Monitere, asubui unapanda, mangaribi unakuya kununua maiti yake!" Akajibu: "Niko nakula bukari. Sikulake majani mubichi." Bukari ni ugali wetu. Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo yasiyopatana. Hakuwa na subira ya maharagwe. Aliyala magumu, yakilia mdomoni kama changarawe, kwa sababu aliona yanachelewa. Lakini aliweza kuchuchumaa mbele ya mche wa mulombwa wenye urefu wa kidole na kukueleza kivuli chake kitaanguka wapi.

Miche yake aliipanda kwenye mteremko ulio nyuma ya mtaa, upande wa Kakontwe, kule ambako vumbi la chokaa hutua juu ya kila kitu. Zamani ulikuwa msitu wa masuku, watoto walikwenda kuokota matunda. Mimi nilipohamia palikuwa na nyasi na visiki. Kiangazi chetu ni miezi mitano, sita, bila tone, na Monitere hakuwa na bomba wala pampu. Alikuwa na bidoni za njano za lita tano. Alizitoboa kwa msumari, akapitisha utambi wa kitambaa kwenye tundu, akazilaza kando ya miche ili maji yatoke pole pole. Maji yenyewe aliyaomba nyumba kwa nyumba: maji yaliyokwisha kufulia nguo.

Wanawake walimfanya burudani ya siku ya kufua.

"Monitere! Leo niko na ya mashuka tu, ya suruali ya bwana inaisha!"

"Leta, mama. Muti haiulizake maji inatoka wapi."

Hilo la mwisho halikuwa kweli kabisa. Mwaka mmoja nyumba fulani ilimpa maji yenye javeli nyingi, ile dawa ya kung'arisha nguo, na safu nzima ikanyauka. Tangu hapo akawa anaonja kila bidoni kwa ncha ya ulimi kabla ya kuibeba. Alionja maji ya kufulia ya mtaa mzima kiangazi baada ya kiangazi, na kama kuna mtu aliyejua siri za nyumba zetu, ni yeye, na hakusema.

Waliwahi kuja wageni katika ukumbi wa parokia kutupa semina juu ya mabadiliko ya tabianchi. Walituambia kwamba mvua zitavurugika, joto litapanda, na kwamba tusikate tamaa. Wakagawa fulana. Monitere alikaa mstari wa mbele, akasikiliza yote mikono magotini, na walipoomba maswali akasimama na kuuliza swali moja: fulana zile ni pamba tupu, au zimechanganywa na nailoni? Wageni wakatazamana. Sisi tulioijua kazi yake tulielewa. Utambi wa nailoni haunyonyi maji. Zilikuwa pamba tupu, na kufikia Jumapili alikuwa amezikusanya ishirini na tatu.

Tulipokuwa tunatoka nilimwambia kwamba mimi, kwa yale niliyoyasikia, naona bora tujilaze tu. Akasema: "Kukata tamaa ni kazi ya bale beko na wakati." Lilikuwa neno lake la kila siku. Mimi nilikuwa na wakati. Nakaa juu ya gunia kutoka asubuhi mpaka jioni nikingoja wateja, na katika kazi ya kukata tamaa nilikuwa fundi.

Labda ndiyo maana alinilenga. Alikuja sokoni akasimama mbele ya magunia yangu.

"Saki moya, muti moya," akasema. Alitaka kwa kila gunia ninalouza nipande mti mmoja.

Nikacheka mpaka jirani wa samaki akauliza kuna nini. "Saki makumi mbili, muti moya," nikamwambia, "na weye njo unachimba shimo."

Tulipatana majuma matatu. Mtu ambaye hakuwahi kuniomba nimpunguzie hata senti alinikamua kama nguo. Nikishuka mpaka kumi na tano, anaondoka. Nikishuka mpaka kumi, anaondoka na kurudi na mche mkononi, anauweka juu ya meza yangu. Wateja wakauliza mche ule bei gani. Tukafika nne. Magunia manne, mti mmoja. Nikaona nimeshinda, kwa sababu gunia nililiuza mimi na hesabu naishika mimi.

Jumamosi ya kwanza nikamwambia niliuza kumi na mawili.

"Minaona saki kumi na sita za bule pale nyuma," akasema. Za bule ni zile tupu, zilizokwisha kuuzwa.

"Zile ine ni za mwaka yenye ilipita."

Akaenda, akainua moja, akaonesha mdomo wake. Gunia la makala hufunikwa juu kwa majani ili makala yasimwagike. "Saki ya mwaka yenye ilipita haibakie na majani mubichi, Mama Makala."

Nikapanda minne.

Kilichofuata sikukitarajia. Watu waliponiona napanda miti kila Jumamosi, waliambiana kwamba Mama Makala hafanyi kitu bure, lazima kuna faida iliyofichwa. Wakaja kuitafuta. Mama wa samaki akapanda, fundi baiskeli akapanda, jumuiya yetu ya Kikristo yote ikapanda, kila mmoja akinitazama kwa pembeni ajue faida itatokea upande gani. Kwa miaka mitatu tukafika miti mia nne na kumi na miwili. Niliihesabu mara mbili, ikatoka sawasawa, na nakiri kwamba siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba.

Sasa niseme juu ya moto.

Kwetu kila mwaka pori linaungua. Wawindaji wa panya wanawasha nyasi ili panya watoke, wachomaji wa makala wanaacha tanuri bila mlinzi, na ikifika mwezi wa tisa nyasi ni kavu kama karatasi, moto unapita mlima mpaka mlima. Huo ndio moto mkubwa, hauna dawa. Dawa, Monitere alitufundisha, ni kuutangulia. Mvua zikishaisha, nyasi zikiwa zimekauka nusu tu, unawasha moto mdogo, mvivu, unaotembea badala ya kukimbia, unaunguza ukanda kuzunguka miti yako, na watu wamesimama kila hatua na matawi mabichi ya kuuzimia. Moto mkubwa ukija unakuta meza imeshaliwa.

Siku ya kuwasha yeye aliijua kwa kukunja bua la nyasi. Likijipinda, ni wakati. Likivunjika kwa sauti, umechelewa. Lakini mwaka ule tulipokuwa wengi aliona kwamba watu arobaini hawawezi kuitwa na bua la nyasi. Akatupa tarehe ambayo Mkatoliki hawezi kuisahau: Jumamosi inayofuata Pentekoste. Tukafanya hivyo miaka miwili, ikaenda vizuri, kukawa na maharagwe na munkoyo, togwa yetu ya mahindi, na mwaka wa tatu tayari ilikuwa desturi. Watoto walidhani moto mdogo ni sehemu ya sikukuu.

Mwaka wa tatu mvua ziliisha mapema, zilikatika ghafla kabla ya Pasaka. Pentekoste nayo, kama inavyofanya miaka mingine, iliangukia mbali. Tulifika mteremkoni tumevaa vizuri. Sufuria zilikuwa motoni. Monitere akainama, akashika bua, akalikunja. Nililisikia mimi pia, na nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

"Inavunjika," akasema.

"Monitere, bantu ni makumi ine na mbili. Nimebahesabu mara mbili. Maharagi inaanza kuiva. Ukibarudisha leo, juma ingine hautaona ata kumi."

"Inavunjika, Mama Makala."

"Basi tuchome mukanda mudogo. Nusu yake. Na upepo hakuna, angalia moshi ya maharagi: inasimama."

Akautazama moshi. Ulikuwa umesimama kweli, umenyooka kama uzi. Akawatazama watu arobaini na wawili na matawi yao. Nadhani alifanya hesabu ileile yangu: miaka yote ile akiwa peke yake na bidoni zake, na sasa ule umati. Akajifunga vizuri kifungo cha shingo.

"Donc," akasema, "tuanze ku juu."

Mimi nimepatana na wachomaji, na askari wa barabarani, na wenye lori. Siku ile nilipatana mpaka nikapata nusu ya nilichotaka, kama kawaida, nikafurahi. Moto haukuwa kwenye mapatano.

Ulitembea hatua kumi kwa adabu. Kisha upepo ukapanda kutoka bondeni, mara moja tu, kama mtu anayepiga chafya, na moto ukaruka ukanda na kuingia kwenye miti, kisha kwenye mihogo ya yule mjane. Tulipiga kwa matawi mpaka matawi yenyewe yakashika. Monitere aliingia katikati na gunia lililoloweshwa maji, gunia langu, akatoka bila nyusi. Hakufa mtu. Saa tisa mchana ilikuwa imekwisha, maharagwe yalikuwa yameungua sufuriani, na hakuna aliyekumbuka kwenda nyumbani.

Jumatatu mmoja wa wachomaji wangu akaja na baiskeli. "Mama, ile miti ya kuungua kule, ni weye unauzisha ao ni Monitere?" Nilimfukuza, lakini kabla ya kumfukuza kichwa changu kilikuwa kimeshafanya hesabu, sitaficha. Mti wa miaka mitatu hautoi makala. Unatoa majivu.

Nilikwenda kwake. Alikuwa amepakwa mafuta usoni. Nikamwambia: "Ni minye nilikusukuma."

"Mukono yenye iliwasha ni yangu."

"Weye ulisikia inavunjika."

"Minye nilisikia," akasema, na hilo ndilo lililomuuma kuliko uso.

Mwezi ule aliandika ripoti kama kawaida. Idadi ya miti aliichukua kwangu. Mbele ya "Hali kwa jumla" hakuandika kitu. Aliporudi kutoka ofisini aliniambia kwamba karani alimrudishia karatasi, akasema haijajazwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kule kuisoma mpaka chini.

Mtaani walimwita Monitere wa Moto. Aliitika. Majuma machache baadaye nilimkuta mteremkoni amepiga magoti mbele ya kisiki cheusi, anakwaruza gome kwa ukucha karibu na ardhi. Chini palikuwa na ukijani mwembamba kama uzi. "Mizizi haikusikia habari," akasema. Na kweli, miti yetu ya huku ina roho ngumu, mingine ilichipua. Tukabeba tena maji ya nguo. Mapatano yetu niliyakaza mwenyewe, badala ya magunia manne matatu kwa mti mmoja, naye akaandika. Lakini mvua za mwaka huo hazikuja mwezi wa kumi, wala wa kumi na moja. Zikaja karibu na Noeli, zote kwa juma moja, kama mtu anayerudisha mzigo wa watu kwa hasira, zikachimba mfereji katikati ya mteremko na kushuka na miche mpaka barabarani. Leo iliyobaki hai, ya zamani na iliyochipua na mipya, ni sabini na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Ningefurahi kukosea.

Mwezi huu nimemtembelea. Miguu imemvimba, hapandi tena mteremko; anakaa kwenye kiti mlangoni, shati limefungwa mpaka shingoni. Nilimpelekea fungu la nyasi, kwa sababu yeye hawezi kuzifuata. Akatoa bua moja akalikunja. Likajipinda. Akatoa la pili. Likavunjika, tak. La tatu likavunjika, la nne likajipinda.

"Hii ni ya leo?"

"Ya leo asubui."

"Ya fasi moya?" Alitaka kujua kama ni za mahali pamoja.

"Ya fasi moya, Monitere. Minaikata na kisu moya."

Akayapanga kumi juu ya paja. Matano yamevunjika, matano yamejipinda. Akachukua mengine kumi, kana kwamba amejifunza kwangu, na ikawa karibu vilevile.

"Mvua ilirudia siku gani?"

"Siku ya ine. Tulikuwa tuliisha kuiaga." Siku ya ine ni Alhamisi: mvua tuliyodhani imekwisha ilikuwa imerudi.

Mke wake akatuletea munkoyo, tukanywa.

"Minye balinifundisha mvua ingine," akasema mwishowe. "Ile niliijua. Hii hapana." Kisha akanigeukia, na ile nyusi fupi ikapanda. "Weye njo unajua kupatana. Tuchome lini? Sema weye."

Miaka yote nimekuwa sokoni sijakosa namba ya kusema. Siku hiyo kila mmoja alingoja mwenzake ataje kwanza, na hakuna aliyetaja. Akasema tu, kabla sijaondoka, kwamba nisiache kumpelekea nyasi.

Ndiyo sababu ninaandika haya, sina nyingine. Mteremko wetu unatazama machweo. Upepo hupanda kutoka bondeni baada ya saa sita mchana. Nyasi zinafika kiunoni, chini ni mbichi, juu ni kavu, na katikati hazijaamua. Watu walioahidi kuja ni saba, mimi nikiwemo. Tukichoma sasa, huenda moto usishike, na mwezi wa tisa ule moto mkubwa utatukuta hatuna ukanda. Tukingoja, huenda ikawa kama ile Jumamosi. Kama kuna mmoja wenu, popote alipo, ambaye bado anasikilizana na mvua ya kwao, au ana mzee anayejua nyasi za mwaka wa namna hii, naomba anitajie siku. Akikosea kwa juma moja si neno. Nitakuwa angalau na mahali pa kuanzia kupatana.